Mwangalizi wa dhoruba, mpima mvua au mtuma picha: kikundi cha pwani ya Tanga kianze na kazi ipi?

Kikundi cha wavuvi, walimu na vijana wa upande wa Sahare na Mwambani, ambacho nimekuwa nikikutana nacho tangu masika yaliyopita, kimeamua kujitolea kuwasaidia watabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, lakini kimekwama kwenye swali la msaada wenyewe uwe wa namna gani. Wapo wanaotaka kukaa macho mawingu yanapojikusanya na kupiga simu mara dhoruba inapoanza. Wapo wanaotaka kuweka vipima mvua majumbani na kuandika kipimo kila asubuhi. Wapo pia, hasa vijana, wanaoona kwamba inatosha kila mwenye simu apige picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Katika nchi nyingine kazi zote tatu hufanywa na watu wa kujitolea, na zote zina faida. Hata hivyo, kikundi chenye watu wasiozidi ishirini, ambao wengi wao hushinda baharini au darasani, hakiwezi kuzianza zote kwa mkupuo na kuzifanya vizuri, na ndiyo sababu nimeziweka hapa sambamba ili wanakikundi na wengine wenye nia kama yao wachague wakijua wanachokichagua.

Kipimo nitakachotumia kulinganisha ni kimoja tu: taarifa inamfikia mtabiri wakati bado ana uamuzi mkononi, au inamfikia baada ya tahadhari kutoka na dhoruba kupita? Bidii ya mtoa taarifa na ubora wa chombo chake huja baada ya swali hilo.

Anachoamua mtabiri, na anachoweza kukiona

Wasomaji wengi wanayafahamu maneno matatu ambayo Mamlaka huyatumia: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari kubwa, kila moja likiwa na rangi yake, njano, chungwa na nyekundu. Kupanda kutoka neno moja hadi jingine hakutegemei ukubwa wa mvua au upepo peke yake. Mtabiri hupima mambo mawili kwa pamoja, yaani uwezekano wa hali hiyo kutokea na ukubwa wa athari zake itakapotokea. Mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24 huhesabiwa kuwa kubwa, na kwa upande wa bahari tumezoea kusikia matangazo ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Hata hivyo milimita zilezile 50 zikinyesha juu ya ardhi kavu ya mashamba ya mkonge na zikinyesha juu ya mitaa ambayo mitaro yake imeshajaa, athari zake ni mbili tofauti, na tofauti hiyo haionekani kutoka angani.

Mtabiri ana vyombo vyake. Setilaiti ya Meteosat humletea picha mpya ya mawingu ya Afrika kila baada ya dakika 15 au pungufu, na hapa Tanga kipo kituo cha uwanja wa ndege ambacho hupima upepo, joto, mgandamizo wa hewa na mvua mahali kilipo. Ipo pia rada ya Dar es Salaam, na hapa ndipo penye jambo ambalo watu wa Tanga tunapaswa kulielewa vizuri kuliko tunavyolielewa sasa. Mwale wa rada hautambai juu ya ardhi. Hutoka ukiwa umeinuliwa kidogo, kwa kawaida nusu ya nyuzi moja katika duru la chini kabisa, kisha kadiri unavyokwenda mbali unazidi kupanda juu ya ardhi, kwa sababu ya mwinuko huo na kwa sababu dunia yenyewe imepinda chini yake. Bagamoyo iko umbali wa takriban kilomita 60 kutoka Dar es Salaam, na huko mwale hupita chini ya kilomita moja kutoka usawa wa bahari. Tanga iko karibu kilomita 200. Ukifanya hesabu, mwale unapofika juu yetu umeshapanda takriban kilomita 4. Kwa hiyo mtabiri anaweza kuona kwamba lipo wingu kubwa juu ya mkondo wa Pemba na bado asijue upepo unafanya nini pale ngalawa zilipo.

Nimelikazia jambo hili kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloamua thamani ya mtu aliyesimama ufukweni. Mwangalizi wa Bagamoyo humthibitishia mtabiri kitu ambacho rada imekwisha kukigusa. Mwangalizi wa Tanga humwambia kitu ambacho rada haikukifikia kabisa.

Mwangalizi wa dhoruba

Mfano mkubwa wa kazi hii uko Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watu waliwekwa kuzunguka viwanda vya silaha ili kutoa habari za radi zinazokaribia. Baadaye, tarehe 11 Aprili 1965, siku ya Jumapili ya Matawi, chamchela kubwa za nchi kavu ziitwazo tornado ziliua zaidi ya watu 250 katika majimbo ya kati ya nchi hiyo, na mapitio yaliyofuata yalichangia kuzaliwa kwa mpango wa SKYWARN mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo idara ya hali ya hewa ya huko inahesabu waangalizi waliofunzwa kati ya 350,000 na 400,000. Mafunzo ni bure na huchukua takriban saa mbili. Wengi wa waangalizi hao ni zimamoto, polisi, wakulima na wenye redio za ridhaa, lakini mtu yeyote hupokelewa.

Namna taarifa zao zinavyoingia katika uamuzi ni ya kuvutia, na ndiyo ninayotaka kikundi chetu kiielewe kabla ya kununua hata daftari. Mtabiri hasubiri mwangalizi ndipo aanze kufikiri. Yeye ameshaona kwenye rada dalili fulani, na yuko katika hali ya kusitasita, kwa sababu akitoa tahadhari na kisitokee kitu watu wataipuuza inayofuata, na asipoitoa pakatokea maafa lawama na majuto ni yake. Simu ya mtu aliyefunzwa, inayosema kwamba mvua ya mawe ya kipenyo cha sentimita mbili na nusu inaanguka upande wa magharibi wa mji fulani saa fulani, humtoa katika kusitasita huko. Humsaidia pia kuandika tangazo lenye nguvu zaidi, maana tahadhari za Marekani hutaja kama dhoruba imeonekana kwa rada tu au imeshuhudiwa na mwangalizi. Ipo faida ya tatu ambayo watu huisahau: taarifa ya kutotokea. Mwangalizi anayepiga simu na kusema, "Wingu limepita juu yetu, kumenyesha rasharasha tu, upepo ni wa kawaida," anamsaidia mtabiri kushusha tahadhari au kuiacha isivuke mpaka wa wilaya ya pili.

Kwa pwani yetu mambo ya kuangalia si mvua ya mawe wala tornado. Ni upepo wa ghafla unaotangulia mvua ya alasiri, kugeuka kwa upepo kunakokuja bila taarifa, bahari kuchafuka kabla ya wakati wake, radi, chamchela ya baharini, na maji kujaa ufukweni wakati bamvua inapokutana na kusi kali. Kimbunga kikubwa hakimhitaji mwangalizi kwa namna hiyo. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilifuatiliwa kwa setilaiti na kutangazwa kwa siku kadhaa kabla ya kufika karibu na Mafia. Kinachompata mvuvi wa Tanga bila onyo ni dhoruba ndogo ya saa moja, ambayo kituo cha uwanja wa ndege huenda kisiiguse kabisa ikiwa imepita Kigombe au Moa.

Je, mtu asiye na kipima upepo anaweza kutoa taarifa ya upepo inayoaminika? Anaweza, na ameweza kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1805 Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipanga upepo kwa madaraja kufuatana na dalili zinazoonekana, na madaraja hayo yanatumika hadi leo. Daraja la 6, ambalo ni kati ya kilomita 39 na 49 kwa saa, ndilo linalolingana na upepo wa matangazo yetu ya kawaida: nchi kavu matawi makubwa yanayumba na mwavuli unashikika kwa shida, na baharini vilele vyeupe vya povu vimeenea kila upande. Daraja la 8, kuanzia kilomita 62, vijiti vya miti hukatika na kutembea dhidi ya upepo huwa kazi. Nahodha aliyekaa na bahari miaka thelathini anazijua dalili hizi kuliko mwalimu yeyote wa darasani. Anachohitaji kufundishwa ni kuzitaja kwa namba ambayo mtabiri wa Dar es Salaam au Dodoma ataielewa vilevile.

Kazi hii ina makosa yake, na yanajulikana. La kwanza ni wakati. Sisi tunasema saa kumi jioni, simu inaonyesha 16:00, na mtabiri hutumia saa ya kimataifa ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Taarifa ya "saa 10" isiyo na neno la ziada inaweza kusomwa kwa namna tatu, na tahadhari ya dhoruba huishi kwa dakika. Ningependa kikundi kikubaliane kuandika saa kama inavyoonekana kwenye simu, bila kubadili. La pili ni mahali: mtu husema "niko Raskazone" ilhali dhoruba anayoieleza iko ng'ambo ya kisiwa cha Ulenge. Lazima ataje alipo, mwelekeo anaotazama, na umbali anaoukadiria. Kwa radi umbali hupatikana kwa kuhesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo na kugawanya kwa tatu, na jibu ni kilomita. La tatu ni macho kudanganyika. Vipande vya mawingu vilivyochanika huning'inia chini ya wingu la mvua na kufanana sana na chamchela, na dawa yake ni kutulia na kutazama kwa dakika nzima kama kweli vinazunguka.

La nne ni hatari, nami nalitaja kwa msisitizo kwa sababu vijana wetu ni wajasiri. Mwangalizi hafuati dhoruba. Radi ikisikika kabla ya sekunde 30 kupita tangu mmweko, aingie ndani ya jengo na aendelee kutoa taarifa kupitia dirishani au asitoe kabisa. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanatosha kumwangusha mtu mzima. Hakuna taarifa inayostahili mtu kushuka mtaroni kupima.

Mpima mvua wa kila asubuhi

Kazi ya pili ni ya utulivu, na hapa Tanga si ngeni, kwa kuwa mashamba ya mkonge, misheni na shule za mkoa huu ziliandika vipimo vya mvua kwa miongo mingi. Kielelezo chake cha leo ni mtandao wa kujitolea wa Marekani unaoitwa CoCoRaHS, ulioanzishwa jimboni Colorado mwaka 1998. Ulizaliwa na msiba. Tarehe 28 Julai 1997 mji wa Fort Collins ulipata mafuriko yaliyoua watu watano, na uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu moja ya mji ilipata zaidi ya milimita 300 za mvua kwa saa chache huku sehemu nyingine za mji uleule zikipata mvua ya kawaida. Vituo rasmi havikuwa vingi kiasi cha kuiona tofauti hiyo, na jibu likawa kuweka kipima mvua cha plastiki katika nyumba nyingi iwezekanavyo.

Nguvu ya kazi hii ni kwamba kipimo hakibishaniwi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, awe ameisoma profesa au mwanafunzi wa darasa la sita. Chombo chenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha kwa kuanzia, mradi kiwekwe mahali pa wazi, mbali na mapaa na minazi, na kisomwe kwa saa ileile kila siku, ambayo kwa vituo vyetu ni saa 3 asubuhi. Siku isiyo na mvua huandikwa sifuri, na sifuri hiyo ina maana sawa na kipimo kingine chochote. Mfululizo wa vipimo humwambia mtabiri kama ardhi imeshashiba, na ardhi iliyoshiba ndiyo inayobadili Angalizo kuwa Tahadhari.

Udhaifu wake kwa mtazamo wa tahadhari uko wazi: kipimo cha saa 3 asubuhi kinaeleza mvua iliyokwisha kunyesha. Wenzetu wa CoCoRaHS walilitambua hilo, wakaweka taarifa maalumu ambayo mpimaji huituma katikati ya mvua anapoona chombo kinajaa kwa kasi, na taarifa hiyo hufika moja kwa moja kwa ofisi ya watabiri wa eneo lake. Hapo mpima mvua anageuka kuwa mwangalizi.

Kuna sehemu moja ya mkoa wetu ambapo kipimo hakichelewi. Mvua kubwa ikinyesha Amani, katika Usambara Mashariki, maji yake hushuka kwa Mto Zigi kuelekea bwawa la Mabayani na baharini, na mvua ya upande wa Lushoto na bonde la Lwengera hushuka hadi Mto Pangani karibu na Korogwe. Maji hutembea polepole kuliko simu. Mtu wa mlimani anayesema saa 4 usiku kwamba chombo chake kimeshapita milimita 60 anampa mtabiri, na watu wa bondeni, muda ambao hakuna mwangalizi wa ufukweni anayeweza kuwapa, kwa maana ufukweni pengine nyota zinaonekana.

Mtuma picha

Hapa sitakaa sana. Picha ina faida ambayo kazi nyingine mbili hazina, nayo ni kuonyesha athari: daraja lililofunikwa, mti ulioanguka juu ya nyaya, boti zilizopandishwa na maji. Marekani walitambua pia kwamba umma usiofunzwa unaweza kusaidia ukiulizwa maswali mafupi, na tangu mwaka 2012 programu ya simu iitwayo mPING humwezesha mtu yeyote kuchagua kutoka orodha kile kinachoanguka mahali alipo, pamoja na wakati na mahali vinavyorekodiwa na simu yenyewe. Ubora wa mPING uko katika hivyo viwili vya mwisho, na ndivyo vinavyopotea picha inapopita katika makundi yetu. Video ya mafuriko ya miaka iliyopita husambazwa tena kila masika kana kwamba ni ya leo, na mtabiri aliye kazini hana nafasi ya kuchunguza ipi ni ipi. Picha isiyo na jina la mpigaji, mtaa na saa ni mzigo juu ya meza yake.

Zikiwekwa pamoja

Kwa gharama, mtuma picha na mwangalizi hawahitaji zaidi ya simu na salio, na mpima mvua anahitaji chombo. Kwa mafunzo, mwangalizi anahitaji zaidi ya wote: saa mbili au tatu za kuanzia na kukumbushwa kila kabla ya vuli na kabla ya masika. Kwa uvumilivu, mpima mvua ana mzigo mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani miezi ya kiangazi ya kuandika sifuri ndiyo inayowashinda wengi, ilhali mwangalizi anaweza kupumzika wiki nzima anga likiwa shwari. Kwa usalama, mpima mvua yuko salama kuliko wenzake, na mtuma picha ndiye aliye hatarini kabisa, kwa sababu hakuna aliyemfundisha pa kusimama. Na kwa kipimo nilichokitaja mwanzoni, mwangalizi hufika kabla ya uamuzi, mpima mvua wa mlimani hufika kabla yake na wa mjini baada yake, na picha hufika wakati wowote.

Kwa hiyo ushauri wangu unafuata jiografia. Wanaoishi ufukweni, kutoka Moa hadi Kipumbwi, waanze na uangalizi wa dhoruba, kwa kuwa hapo ndipo pengo la rada lilipo na ndipo maisha ya watu yanategemea dakika 30. Wanaoishi milimani, hasa shule za Muheza, Lushoto na Korogwe, waanze na vipima mvua na makubaliano ya kupiga simu usiku kipimo kinapovuka 50. Picha zitumwe na walewale waliofunzwa, zikisindikiza taarifa na si kuwa taarifa. Wakazi wa Bagamoyo watakaosoma makala haya wanaweza kugeuza mpangilio huo na kuanza na vipima mvua, kwa sababu rada inawaona vizuri zaidi na wasiwasi wao mkubwa ni bonde la Ruvu.

Jambo moja halichaguliki. Taarifa ziende kwa Mamlaka, na nakala kwa kamati ya maafa ya wilaya, wala zisigeuzwe tahadhari za kikundi, kwani kisheria na kiakili mwenye kutoa tahadhari kwa umma ni yule anayeiona picha nzima. Mwangalizi wa Sahare anayewatangazia Pangani kwamba dhoruba inakuja amevuka mpaka wa kile alichokiona.

Kikundi chetu kimekubali kuanza na watu wanane katika vituo vinne vya ufukweni. Zoezi la kwanza halitasubiri dhoruba: kwa majuma mawili, kila siku saa 10 alasiri, yaani 16:00 kwenye simu, kila kituo kitaandika daraja la upepo kwa kutazama bahari na minazi tu, kisha namba hizo zitalinganishwa na kipimo cha uwanja wa ndege cha saa hiyohiyo. Nani anakadiria juu na nani anakadiria chini tutamjua kabla mawingu ya vuli hayajaanza kujikusanya.